Mtaa Haupangishwi na Dalali

Ukitaka kuhamia mji mdogo watu watakuambia usijiumize kichwa. "Songea nayo ni mji wa kuchagua mtaa? Lala popote, asubuhi utafika sokoni kwa miguu." Maneno hayo niliyasikia sana kule Namtumbo kabla sijafunga mizigo. Waliokuwa wakiyasema wanaijua Songea ya zamani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 203,309 katika Manispaa ya Songea, na ile ya 2022 ikawakuta 286,285. Hao elfu themanini na ushee walioongezeka wanalala wapi? Wengi wanalala kwenye yaliyokuwa mashamba ya mahindi juzijuzi tu. Mji umeifuata barabara ya Njombe, na stendi kubwa ya mabasi siku hizi iko Shule ya Tanga, mbali na soko, hata mgeni akishushwa pale na mabegi yake anadhani kondakta kamwacha njiani.

Mimi nilikuwa na sababu mbili za kuhama. Ya kwanza ni kibarua. Nilimaliza kidato cha nne, majina ya kidato cha tano yakatoka bila langu, nikakaa nyumbani miaka miwili nikiuza nyanya na kuandika riwaya kwenye kauntabuku. Kisha nikapata kazi ya kuchapa na kutoa fotokopi kwenye steshenari moja mjini. Sababu ya pili, na ndiyo iliyonisukuma, ni mama. Mama ana kisukari, na kliniki yake ilihamishiwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila mwezi kupanda gari kilomita zipatazo 70, na nyingine kama hizo kurudi, kwa mtu anayechoma sindano na kuhesabu saa za kula, si jambo la mzaha. Baba hayupo. Kwa hiyo aliyetakiwa kuchagua mtaa ni mimi.

Tulifikia kwa mjomba, Majengo. Nilikuwa na akiba ya shilingi 300,000. Mtu wa mjini atacheka, lakini fedha ile ilikuwa na jasho la nyanya za misimu miwili. Na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Piga hesabu mwenyewe. Ukikosea mtaa, huna cha kuhamia mtaa mwingine mpaka nusu mwaka ipite.

Mwanzoni, nikiri, niliichagua mitaa kwa masikio ya mwandishi. Majina ya Songea ni hadithi fupi. Bombambili, nikawaza maji. Misufini, nikawaza kivuli na pamba za msufi zikipeperuka. Lizaboni, kama vile meli ya Wareno ilipotea njia ikaja kutia nanga nchi kavu. Mjimwema, nani asiyetaka kuishi huko? Hata Manzese ipo, ni soko, kwa hiyo sisi tuliosoma riwaya za maisha ya Dar es Salaam shuleni hatukukosa chochote.

Ila moyo wangu ulikwenda Mahenge. Pale ndipo lilipo Makumbusho ya Majimaji, na pale lipo kaburi la pamoja la viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mji wenyewe umebeba jina la mmoja wa wazee hao, Nduna Songea Mbano. Kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Nikajiona nimekaa dirishani, riwaya inajiandika yenyewe. Chumba nilikipata kweli: kimoja, 40,000 kwa mwezi, na ukitoka hapo hospitali si mbali. Nikamweleza mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mashujaa tunawaheshimu sana, mwanangu. Lakini hawachoti maji." Siku ile bomba la ua ule lilikuwa kavu, na ndoo zilipangwa foleni mpaka barabarani.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kazi. "Mtaa usimwulize dalali," aliniambia. "Dalali anakuonyesha saa nne asubuhi, jua linawaka, walevi wamelala. Mwulize mama anayekaanga vitumbua. Yule anaamka saa kumi usiku, anajua nani anarudi saa ngapi, na nani anakopa bila kulipa." Basi, nikala vitumbua wiki nzima. Kila mtaa niliuendea mara tatu: alfajiri, mchana na saa tatu usiku. Alfajiri unaona foleni ya maji. Mchana unaona watoto wanachezea wapi na taka zinatupwa wapi. Usiku unasikia muziki wa kilabu uko karibu kiasi gani, na unajua kama wewe mwanamke unaweza kutembea pale bila kuharakisha.

Kuna mahali, mtaa wenyewe siutaji, mwenye nyumba alinikagua toka kichwani hadi miguuni. "Mume yuko wapi?" Nikamwambia sina, nakaa na mama yangu. "Mama anafanya kazi gani?" Nikamwambia anaumwa sukari. Akafunga mlango taratibu, kwa adabu kabisa, akasema nyumba imeshachukuliwa. Mama muuza vitumbua wa pale aliniambia kesho yake kuwa chumba kile kilikuwa tupu tangu Krismasi. Dada zangu mnaosoma hapa, hili hamtalikuta kwenye orodha ya dalali, lakini lipo.

Kisha nikaonyeshwa Mshangano. Vyumba viwili, kibaraza, mwembe, na kiwanja cha kulima nyuma. Elfu thelathini tu kwa mwezi! Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kilichoniogopesha ni njia. Kutoka lami mpaka mlangoni ilikuwa udongo mtupu, na sisi huku mvua zikianza Novemba zinakwenda mpaka Aprili. Nikamwuliza kijana wa bodaboda, "Saa nane usiku, mvua inanyesha, nikikupigia utakuja?" Akaitazama ile njia, kisha akanitazama mimi. "Dada, nisikudanganye. Huko siji hata kwa elfu kumi."

Usiku ule tulibishana na mama, sote tumekaa mkekani. Mimi nilitaka chumba kimoja karibu na hospitali, hata kama tutabanana na nitaandikia magotini. Yeye alitaka Mshangano, kwa sababu ya kile kiwanja. "Sukari ikikushuka usiku?" nikamwuliza. Akanijibu jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza kulitafuna. "Wewe unanitafutia mahali pa kuugulia. Mimi natafuta mahali pa kuishi. Nikikaa chumbani kutwa nzima natazama ukuta, hiyo sukari itapanda kwa mawazo." Mjomba akajifanya anatengeneza redio.

Sikuwa na jibu, kwa maana alikuwa na haki yake. Lakini nami nilikuwa na yangu. Tukakubaliana kutafuta vitu vitatu tu: maji uani, kijiudongo cha kupanda mboga, na lami isiyozidi dakika mbili kwa miguu. Mengine yote tukayafuta, pamoja na dirisha langu la riwaya.

Tuliyapata yote Msamala. Hakuna dalali aliyetupeleka, ni mama muuza vitumbua aliyesema jirani yake ana vyumba viwili. Mwenye nyumba ni bibi mjane. Alimwuliza mama swali moja tu: "Unalima?" Mama akasema ndiyo. Wakaanza kuzungumza Kingoni, mimi nikasahauliwa mlangoni. Kodi elfu thelathini na tano, akakubali tuanze na miezi mitatu. Nikahesabu 105,000, na nilizobaki nazo zikanunua godoro na kipimo cha sukari.

Msamala haina historia ya kumwonyesha mgeni. Usiku malori yanapita yakielekea Njombe na mahindi, ukuta unatetemeka, na wapangaji wenzetu wana redio mbili zisizopatana. Naandika hivyohivyo, kuanzia saa nne usiku, kauntabuku likiwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Sura ya kwanza imejaa malori.

Mwezi Machi, usiku wa mvua, mama alianza kutetemeka na kutokwa jasho. Nikampa maji ya sukari, akatulia kidogo, kisha akaanza tena. Sikuwahi hata kushika simu. Jirani wa redio ya pili alikwisha toka na kaniki yake kichwani, akasimamisha bajaji pale lami kwa kusimama katikati ya barabara. Tulifika hospitali mapema. Daktari hakuuliza tunaishi mtaa gani.

Wewe unayefikiria kuhamia Songea, au Njombe, au Mbinga, sikuambii uje Msamala. Haja zako si zangu. Ninachokuambia ni kwamba andika vitu vitatu ambavyo ukivikosa usiku wa manane utalia, kisha nenda kaamke na wauza vitumbua. Na kama unahama na mtu, mwulize naye vyake ni vipi kabla hujamchagulia.

Kodi imelipwa mpaka mwisho wa Juni. Bibi amesema huenda akaongeza elfu tano. Mama amemjibu kwa fungu la majani ya maboga, na mazungumzo bado yanaendelea.