Aliyetueleza Picha

Mama yangu anakumbuka sinema kwa majengo. Ukimtajia Empire, Avalon au New Chox, atakwambia alikwenda na nani, walikaa viti vya juu au vya chini, na nani alisinzia kabla ya mapumziko. Lakini pale alipopapenda kuliko kote katika Dar es Salaam ya ujana wake hapakuwa na paa. Ilikuwa Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966 kwenye eneo ambalo leo lina Ubalozi wa Marekani. Babu hakuwa na gari, ila rafiki yake wa bandarini alikuwa na pikapu, na pikapu ile haikuwahi kwenda na nafasi. Wanawake walibeba sambusa na chapati, watoto wakalazwa nyuma juu ya mkeka, sauti ikatoka kwenye kispika kidogo kilichotundikwa dirishani.

Hapo ndipo alipoiona Haathi Mere Saathi, picha ya Kihindi ya 1971. Rajesh Khanna ni Raju, yatima aliyekua na tembo wanne, marafiki zake tangu utotoni. Anampenda binti wa tajiri, anayeigizwa na Tanuja, wanaoana, wanapata mtoto, kisha mke anaingiwa na hofu kwamba siku moja tembo watamdhuru mtoto wake. Anamtaka mume achague. Mwishoni tembo mmoja, Ramu, anatoa uhai wake ili nyumba ile isivunjike, na mama anasema pikapu nzima ililia, mwenye pikapu akiwemo.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua Kihindi. Aliyewatosheleza wote ni bibi. Alizungumza tangu taa za kwanza mpaka za mwisho: huyu ndiye mbaya wetu, mtazameni macho, huyu mke hana kosa, uzazi umemtia woga, baba mkwe naye leo kimya, kumbe maneno yote yale yalikuwa ya fedha. Kihindi hakukijua, lakini ukwe, wivu na uchungu wa mtoto alivijua vizuri. Mpaka leo mama hawezi kukwambia ni wapi maneno ya picha yaliishia na ya bibi yakaanza.

Siku hizi mimi ndiye ninayechagua picha ya kutazama nyumbani kwetu Tabata, na kazi hiyo naichukulia kwa uzito. Kila ninapotafuta picha itakayomfaa mtoto wa miaka saba na mama wa miaka zaidi ya sabini kwa pamoja, najikuta nikiirudia pikapu ile. Picha zilizodumu katika familia yetu zote zilikuwa na mtu wa kuzieleza. Watu hao wamebadilika mara nyingi, na kila walipobadilika, nyumba nayo ilibadilika.

Wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu ni mjomba. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nacho, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo televisheni iliyofika kwetu Magomeni kabla ya hapo ilikuja kwa ajili ya deki. Mjomba alikuwa baharia. Aliileta ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, pamoja na kanda chache ambazo tulizitazama mpaka zikaanza kutoa mistari. Kiingereza alikuwa nacho cha melini, kinachotosha. Rimoti ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa akisimamisha kanda kila panapohitaji maelezo, yaani kila baada ya muda mfupi.

Home Alone ya 1990 tuliiona hivyo. Familia kubwa inasafiri kwenda Paris kwa Krismasi, na mtoto mmoja, Kevin, anasahaulika nyumbani. Bibi alikataa katakata. Nyumba ina mama, baba, ami, shangazi, na mtoto anasahaulika? Mjomba akarudisha kanda nyuma, akatuonyesha kwamba asubuhi ile walihesabiwa watoto na mtoto wa jirani akahesabiwa ndani. Bibi akasema hayo ndiyo matokeo ya kuhesabu watu badala ya kuwaita kwa majina. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri wezi wawili waanze kuteleza na kuangukiwa na makopo ya rangi, na tulicheka mpaka tukashika matumbo. Lakini bibi alikuwa akimsubiri mzee wa jirani, yule wa koleo la theluji anayeogopwa na mtaa mzima, ambaye hazungumzi na mwanawe. Alipokaa kanisani na Kevin wakazungumza juu ya ugomvi ule, bibi alitunyamazisha.

Nimeitazama tena nikiwa mtu mzima, na naona ndiyo maana picha ile haichakai. Kila rika limewekewa pahala pake. Mtoto anapata makopo ya rangi, mama anapata yule mama anayehangaika viwanja vya ndege mpaka anapewa lifti na wanamuziki ndani ya gari lao, bibi anapata mzee wa koleo. Picha nyingi zinazouzwa leo kwa jina la picha za familia ni za watoto tu, na mtu mzima anatarajiwa akae pale kama mlinzi.

Kanda nyingine ya mjomba ilikuwa The Gods Must Be Crazy. Rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola kutoka kwenye ndege, inaangukia jamii ya Wasan wa Kalahari, na kitu hicho kimoja kisichoweza kugawanywa kinawatia ugomvi. Xi anaichukua kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Tuliipenda mno, na mjomba hakuwa na haja ya kusimamisha, maana picha ina msimulizi wake mwenyewe. Msimulizi huyo ndiye ninayegombana naye sasa. Picha ilitengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, ikatoka 1980, enzi za ubaguzi wa rangi, na sauti ile inawaeleza Wasan kana kwamba ni watu wasio na shida wala historia. N!xau, aliyeigiza Xi, alitoka Namibia, nchi iliyokuwa vitani na chini ya utawala wa Makaburu wakati huohuo. Sijawaficha wanangu picha hii, kwa sababu vichekesho vyake ni vya kweli na N!xau anaibeba kwa uso wake tu. Ila tunapoitazama, nasimamisha kama mjomba, na namjibu msimulizi.

Baada ya hapo picha zilitoka tena nje ya nyumba. Mabanda ya video yalienea uswahilini, benchi za mbao, gunia dirishani, na bango la chaki mlangoni. Mtoto wa kike hakuruhusiwa huko, nami sikuruhusiwa. Kaka yangu alikwenda, kwa ruhusa na bila ruhusa, na akirudi alitusimulia: steringi kaingia, adui kamzunguka, ngumi na milio yake yote kwa mdomo. Kuna picha ninazozijua mwanzo mpaka mwisho ambazo sijaziona hata leo. Kaka naye alikuwa akimrudia mwingine, kwani ndani ya mabanda kulikuwa na watafsiri. Maarufu kuliko wote kwetu alikuwa Lufufu, ambaye alizungumza juu ya picha kwa Kiswahili, akawapa wahusika tabia za watu wa mtaani, akatabiri, akakaripia. Kanda zake zilisafiri mikoani. Kenya wana DJ Afro na Uganda wana VJ Jingo, na waliokulia na sauti hizo watakwambia picha isiyo nazo haina chumvi. Nawaheshimu watu hawa. Walifanya kazi ya bibi kwa mamilioni ya watu. Lakini picha walizozitafsiri zilikuwa za bunduki na mateke, na hivyo kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa banda la wavulana, nyumbani tukabaki na Kiingereza.

Miaka ya ITV na vituo vilivyofuata nitaipita haraka. Tulitazama kilichokuwepo, kwa saa kilipokuwepo, nyumba yenye runinga ikijaa watoto wa jirani mpaka kizingitini. Kisha Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na bila king'amuzi runinga ikawa sanduku. Mlango ukaanza kufungwa. Kifurushi kilipokuwa kinalipiwa na mtu, na jirani naye akawa na chake, hapakuwa na sababu ya kuvua ndala kwenye baraza la mwenzio.

Kilichombadilisha mama, hata hivyo, kilitangulia hapo kidogo. Mwaka 2011 TBC1 ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, binti wa Beijing na misukosuko yake na mama wakwe, yote ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mama alitazama kitu cha ng'ambo bila mtu wa kumweleza. Alisogeza kiti karibu na runinga. Mmoja wetu alipofungua mdomo, alituambia tunyamaze, anasikiliza. Nilifurahi kumwona hivyo, kwa maana kuelewa mwenyewe ni heshima aliyonyimwa muda mrefu. Tangu hapo tamthilia za Kituruki na za Kihindi zenye sauti za Kiswahili zimejaa, na sebule yetu, ambayo siku zote ilikuwa na kelele saa ya picha, ikatulia.

Kimya cha pili kililetwa na simu. Mtoto mkubwa chumbani na hedifoni, mdogo chini ya meza na katuni, mume wangu na mpira, mama na tamthilia yake. Kila mmoja ana anachokielewa na hakuna anayehitaji kuelezwa. Sikuupenda utulivu huo hata siku moja. Watoto walikuwa wakicheka vitu ambavyo sikuvijua, na wakiogopa vitu ambavyo sikuvijua pia.

Ndipo nilipoanza kutenga usiku wa Jumamosi, picha moja, skrini moja, simu kwenye kabati. Kwa makusudi nilitafuta picha zisizokuwa na sauti ya Kiswahili. Ya kwanza iliyoshika ilikuwa Children of Heaven ya Majid Majidi, ya 1997, kutoka Iran. Ali amepoteza viatu vya dada yake, Zahra. Nyumbani hakuna fedha, kwa hiyo wanaficha, na wanapokezana jozi moja ya raba, dada akitoka shule asubuhi anakimbia vichochoroni kumpelekea kaka anayeingia mchana. Kinazungumzwa Kiajemi, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na mama hasomi Kiingereza. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la sita, akaanza kumsomea bibi yake kwa Kiswahili. Mwanzoni alisoma kwa kukwama. Ilipofika raba inaponyoka mguuni na kuchukuliwa na maji ya mfereji, alikuwa amesahau kusoma, anasimulia.

"Kwa nini asimwambie baba yake?" mama akauliza.

"Amwambie nini, bibi, wakati anajua baba hana?"

"Baba kutokuwa na hela si kosa la kuficha viatu."

"Anamficha ili baba asione aibu."

Mama alinyamaza, kisha akasema mtoto huyu amelelewa. Baadaye Ali anaingia mashindano ya mbio si kwa ajili ya ushindi, bali apate nafasi ya tatu, ambayo zawadi yake ni viatu. Anakimbia mno, anashika ya kwanza, na analia. Sebule nzima ilikuwa ikimpigia kelele apunguze mwendo. Tangu siku hiyo binti ndiye mweleza picha wetu, na anaifanya kazi hiyo kwa sauti ambayo mama anaapa ni ya marehemu bibi.

Kwa hiyo sasa najua ninachotafuta. Picha isiyokimbia mno, yenye nafasi ya mtu kuuliza. Picha ambayo mkubwa na mdogo wanaweza kutofautiana juu yake bila mmoja kuwa mjinga. Queen of Katwe ya Mira Nair inafaa sana, na kwetu aliyezungumziwa si Phiona na chesi yake bali mama yake, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, mjane anayeuza mahindi asiyetaka mwanawe aote ndoto zitakazomwangusha. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, naipendekeza kwa tahadhari moja: Jo ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na kijiji kinaungana kumtengenezea picha yake mwenyewe, yeye akiwa shujaa. Itazame kwanza peke yako, ulie yako, ndipo uwaite watoto. Kifo kitaulizwa, na wewe ndiye utakayejibu.

Hivi karibuni tuliweka The Boy Who Harnessed the Wind ya Chiwetel Ejiofor, ya 2019, juu ya William Kamkwamba wa Malawi na njaa iliyoikumba nchi ile mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijana anataka kuivunja baiskeli ya baba, mali pekee iliyobaki, atengeneze kinu cha upepo cha kuvutia maji. Baba anakataa kwa hasira. Mume wangu alimtetea baba: nani atampa mtoto baiskeli wakati ndani hamna unga? Binti akasema baiskeli hailiwi. Mama aliomba tusimamishe. Akaanza na foleni za unga za hapa kwetu zamani, akaja kwenye unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano uliokuja kwa misaada, harufu yake, jinsi bibi alivyouchanganya na muhogo ili uliwe, na jinsi babu alivyouza redio bila kumwambia mtu. Habari ya redio hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia. Watoto waliuliza ilikuwa redio gani, iliuzwa kwa nani, bibi alisema nini alipogundua. Mama alijibu yote, moja baada ya jingine, mpaka usiku ukawa mkubwa, na picha tukaimalizia kesho yake baada ya chakula cha mchana.