Mjomba, miraa iache huko huko

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana. Leo nimerudi kwa sababu ya simu ya mjomba.

Binamu yangu anakuja huku Jumamosi. Mjomba kamfungia visheti, achari ya maembe, na kilo mbili za miraa za mume wangu, zimeviringwa vizuri kwenye majani ya mgomba. Mjomba, nilipiga kelele kwenye simu, unisamehe. Ngoja nieleze taratibu.

Unachokumbuka ni kweli. Nilipofika Uingereza mwaka 2013 miraa ilikuwa halali. Ilishuka Heathrow ikiwa mbichi na kuuzwa mchana kweupe, mbio mbio, maana kathinoni, ile kemikali inayoleta handasi, hupungua kadiri majani yanavyonyauka. Washauri wa serikali wenyewe walisema Januari 2013 kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku. Hawakusikilizwa. Tangu tarehe 24 Juni 2014 miraa ni dawa ya kulevya ya daraja C. Kukutwa nayo kunaweza kukupa hadi miaka 2 jela, kuiingiza nchini hadi 14. Miaka kumi na minne, mjomba, kwa kitu ambacho huko Kenya ni zao la biashara!

Na ile hila ya kuikausha tuseme ni chai haitusaidii. Sheria imetaja mmea wenyewe, mbichi au mkavu ni mamoja.

Mimi nina nambari ya uuguzi. Kosa la dawa za kulevya likiingia kwenye jina langu, baraza la wauguzi litaniita, na ile karo ya wadogo zetu mnajua inatoka wapi.

Siitetei miraa. Inapandisha presha na mapigo ya moyo, inakimbiza usingizi. Lakini marufuku imenipa kazi nyingine: mzee anakuja wodini moyo unamwenda mbio, namuuliza kama anatafuna, anaangalia ukutani. "Hapana, sista." Nikimsemesha Kiswahili na kumwambia simwiti polisi, ndipo anasema, tena kwa kunong'ona. Wenzangu wasiojua lugha hawaambiwi kitu.

Binamu, ukisoma haya kabla ya Jumamosi, fungua begi. Mpe mjomba kilo zake atafune na wenzake barazani. Visheti usiviguse, navisubiri.