Injini ya Marehemu Baba

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III ya petroli, injini ya silinda nne yenye sentimita 2,286 za ujazo. Ililala miaka mingi chini ya mwembe wetu hapa Kabasa, hata nikaamua kuifumua mwenyewe.

Nilipanga pistoni, ringi na valvu mkekani kwa utaratibu. Lakini vifuniko vya beringi za mikono ya pistoni nilivitupa vyote katika karai moja. Nilipovikaza, krenkishafti ilikataa kuzunguka. Nikashika spana ndefu niilazimishe.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, kila sufuria si ina mfuniko wake?"

Nikaiweka spana chini. Kumbe kila kifuniko huchongwa pamoja na mkono wake, wala hakimfai mwenzake. Nikavifungua, nikaviosha kwa mafuta ya taa. Namba zikaonekana ubavuni. Ningalitumia nguvu, ningaliiharibu krenkishafti, na fedha za kununua nyingine hatukuwa nazo.

Siku injini iliponguruma, mama alisimama mlangoni kimya, kana kwamba baba anarudi kutoka Bunda mjini.

Nawe msomaji, kabla hujafungua, tia alama.