Mji Uliogomba kwa Maandishi

Mtu wa Pune akikasirika huchukua rangi na kipande cha ubao. Nilipokwenda kusoma huko India, katikati ya mwaka 1998, ilikuwa shida kupata geti, ngazi au kaunta isiyokuwa na neno la kumsuta mpita njia. Wahindi wa miji mingine huvicheka vibao hivi na kuviona ndio kitambulisho cha mji. Huandikwa kwa Kimarathi safi, kwa adabu kamili, na ndani ya adabu hiyo mna mwiba. Pembeni mwa kengele moja ya mlango palikuwa na maelezo: bonyeza mara moja, kisha ngoja, kwani wenye nyumba nao wana magoti. Kwenye geti la jirani: ukiegesha skuta yako hapa, upepo wa matairi utajitokea wenyewe. Duka moja la vitabu lilimfahamisha mteja kwamba maktaba ya kusoma bure ipo, ila mtaa wa pili.

Kwa mtu aliyetoka Tanga hayo hayakuwa mageni sana. Kwetu mwanamke akiwa na la kumwambia jirani hutafuta kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita taratibu mbele ya baraza. Lakini kanga hufuliwa na kesho yake hutoka nyingine. Kibao cha Pune hukaa palepale miaka ishirini, na jirani ni yuleyule.

Nilipanga chumba Sadashiv Peth, mtaa wa wenyeji wa kale ambao mji mzima huwatania kwa ubahili na ulimi mkali. Mwenye nyumba alikuwa karani mstaafu wa benki. Wapangaji tulimwita Ajoba, yaani babu, naye alituita beta, mwanangu, hata alipokuwa anatudai kodi. Ngazi zake zilikuwa na kibao kila ghorofa. Cha kwanza kilihusu viatu, cha pili maji ya bomba yanayotoka alfajiri na kutomngoja mlalaji. Cha tatu kilipiga marufuku nyama, mayai, na harufu ya vitu hivyo. Cha juu kabisa kilitangaza kwamba televisheni ya sebuleni huzimwa saa tatu kamili usiku, hata kama muuaji hajajulikana.

Kukosa nyama nilikuvumilia. Kilichonishinda ni ugali. Unga wa mahindi ulipatikana, lakini wa njano, na mtu aliyekulia Tanzania akiona ugali wa rangi ile hukumbuka mahindi ya yanga ya enzi za njaa. Ajoba alionja tonge moja, akauliza kama hiki hupikiwa mgonjwa au ndicho chakula chenyewe.

Mchana, saa saba, mji ulifungwa. Hadi saa kumi mwenye duka wa Pune alikuwa amekula, amelala, na hakutaka kujua una fedha kiasi gani. Lilikuwapo duka la bakarwadi, vile vitafunio vilivyoviringwa na kujazwa viungo, ambalo watu walipanga foleni mbele ya mlango uliofungwa, wakisubiri kwa heshima muuzaji aamke. Wafanyabiashara wa Mumbai, waliozoea kuuza hadi usiku, walisimulia jambo hilo kwa uchungu. Mimi nililipenda. Biashara inayojua mteja atarudi haina sababu ya kukimbizana naye.

Ofisi za serikali nazo zililala mchana, ila kwa macho wazi. Mgeni mwenye viza ya muda mrefu alipaswa kujiandikisha ndani ya siku 14. Nikaenda na picha, fomu zenye nakala za ziada, na barua ya chuo. Karani alikuwa amezungukwa na majalada yaliyofungwa kwa uzi, mengine ya njano kwa uzee. Akasema mkubwa amekwenda kunywa chai. Ilikuwa saa nne. Saa tano chai haijaisha. Karani, kwa kuchoka kunitazama, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Afrika Mashariki, Tanzania.

“Kenya!” akasema, akainuka.

Nilihitaji muda kuelewa. Mei ile, pale Gwalior, Kenya ilikuwa imeifunga India kwenye kriketi kwa mikimbio 69, na Maurice Odumbe ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa siku. Jeraha lilikuwa bado bichi. Nikamweleza kwamba Tanzania ni nchi nyingine, jirani. Akatikisa kichwa kwa ule mtindo wa Kihindi usiosema ndiyo wala hapana, akawaita wenzake waje wamwone Mkenya. Nikaulizwa Odumbe ni mtu wa namna gani. Nikaulizwa kuhusu mwenzake, Steve Tikolo. Mimi ambaye sijawahi kushika gongo la kriketi nikajibu kwamba ni watu wa kawaida tu, wapole. Jalada langu lilipigwa muhuri hapohapo, na mkubwa naye kumbe hakuhitajika. Tangu siku hiyo nikawa Mkenya kila iliponifaa.

Starehe yetu wanafunzi ilikuwa kwenye migahawa ya Wairani, watu ambao mababu zao walihamia India tangu karne ya 19 na kuleta utamaduni wa kukaa mezani. Mmojawapo, Goodluck, pale mtaa wa Deccan, ulikuwapo tangu 1935. Unaagiza mkate laini uliopakwa siagi, unauchovya kwenye chai nzito, unatengeneza dunia. Migahawa hii nayo ilikuwa na makatazo yake ukutani, mengi kiasi kwamba mshairi Nissim Ezekiel wa Mumbai aliyageuza kuwa shairi. Mhudumu alikuwa anapita chini ya makatazo hayo akiyavunja moja baada ya jingine. Kurudi nyumbani tulipanda bajaji, ambazo kwetu zilikuwa hazijajaa mitaani. Hapo zilikuwa kwao hasa, kwa kuwa kiwanda cha Bajaj kilikuwa Akurdi, pembeni mwa mji. Mita ilionyesha nauli ya zamani, na dereva alichomoa kadi ya kukupigia hesabu ya nauli ya leo. Kama kadi ilisomeka, haikuwa ya mwaka huu.

Kisha ikaja Julai 3, 2000, na Ajoba akashindwa na sheria yake mwenyewe. Usiku huo kituo cha Star Plus kilianza kurusha Kaun Banega Crorepati, maswali na majibu, zawadi ya juu rupia milioni 10, mwendeshaji Amitabh Bachchan. Amitabh yuleyule ambaye vijana wa Tanga ya utotoni mwangu walifuga nywele kumwiga. Sasa filamu zake zilikuwa zinaanguka, kampuni yake imezama kwenye madeni, na wengi waliona nyota wa kiwango kile kuingia kwenye kioo cha sebuleni ni kujishusha. Kipindi kilianza saa tatu kamili. Ajoba alitazama siku ya kwanza, kwa maneno yake, ili auone ujinga wenyewe. Siku ya pili ili athibitishe. Baada ya juma moja kibao cha juu kilikuwa kimepakwa rangi upya: saa tatu imekuwa saa nne, bila maelezo.

Si yeye tu. Saa hiyo bajaji ilikuwa adimu. Ukiagiza chai, mhudumu alikukazia macho na kukuuliza, kwa sauti nzito ya kuazima, kama hilo ndilo jibu lako la mwisho. Oktoba, Harshvardhan Nawathe, kijana wa Kimarathi kutoka Mumbai, akawa wa kwanza kuichukua milioni 10. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa utumishi wa serikali. Ajoba aligawa peremende za maziwa ghorofa zote, na alipofika kwangu akavitazama vitabu vyangu kwa muda mrefu, ndipo akanipa moja.

Juni 2001 ikatoka Lagaan, wanakijiji wanaocheza kriketi na Waingereza ili wasamehewe kodi, sinema ya karibu saa nne. Ajoba alinichukua, akisema ni aibu Mkenya kutojua mchezo uliompa jina. Alinieleza sheria zote kwa sauti ya darasani, na safu tatu za nyuma zikajifunza pamoja nami. Watu walipiga miluzi na kushangilia kama wako uwanjani. Yeye peke yake alitoka amenuna. Hadithi ni ya mwaka 1893, akasema, na wakati huo Waingereza kwao walikuwa wakirusha mipira mitano kwa ova, yaani zamu moja ya mrushaji. Hawa wamerusha sita mchana kutwa na hakuna mwamuzi aliyesema neno.

Usiku huohuo alimwandikia mhariri wa gazeti postikadi, herufi ndogo, pande zote. Alipomaliza akanisukumia kalamu nami nitie saini, kwa niaba ya Kenya.