Nywele zangu, bati letu na mtoto tunayemsubiri

Wadada, tuambiane ukweli. Mwanaume akianza kutoka kipara watu wanamwona bosi. Ananyoa zote, anapaka mafuta kidogo, anatinga miwani, kazi imekwisha. Mwanamke akianza kutoka kipara hana hata neno la kuliita jambo lenyewe. Tunasema "nywele zinakatika", tunasema "nywele zimenigomea". Neno kipara hatuligusi, utadhani limesajiliwa kwa jina la wanaume.

Basi mimi nina kipara. Kipo utosini, upana wa kiganja cha mtoto mchanga. Nina miaka 33, nimeolewa miaka miwili iliyopita, nafanya kazi ya ofisini mjini Mwanza na kulala Buswelu. Nywele za pembeni na za kisogoni zimejaa tele, ndiyo maana ukikaa nami siti moja kwenye daladala huwezi kugundua kitu.

Kwa wasiopafahamu, Buswelu ndiko yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela. Kila wanandoa wa rika letu huku wana kiwanja, rundo la tofali na ugomvi wa lini watapaua. Sisi tulikuwa tumefunga lenta. Hilo la lenta nalitaja makusudi, maana pesa ya bati na pesa ya nywele zilikuja kugombea mfuko mmoja.

Aliyeona wa kwanza ni dada anayenisuka. Kama wasichana wengi tuliosoma shule za serikali, nilikuwa mtu wa kunyoa mpaka namaliza kidato cha nne. Nilipotoka tu, nikalipiza: dawa, rasta, kushonea, rasta tena, na twende kilioni pale mfuko unapokataa. Siku hiyo nilikwenda kwa ajili ya rasta ndogondogo. Akaanza kuchambua nywele, akasimama. Akageuza kiti taratibu ili waliokuwa kwenye draya wasione, akaniinamia sikioni: "Dada, huku juu panazidi kuwa wazi. Niendelee?" Mpaka leo namheshimu yule binti. Ukiniuliza mimi, wasusi wangepewa semina ya magonjwa ya ngozi ya kichwa, maana wao wanaona utosi wetu kabla ya mume na kabla ya daktari.

Baada ya hapo, si unajua tena, kila mtu akawa mtaalamu. Mafuta ya nyonyo. Maji ya kitunguu (ofisini wakaanza kuuliza nani amekuja na kachumbari). Alovera, parachichi, mayai. Shangazi yangu wa Magu alishika kichwa changu, akasikitika, akasema, "Mwanawane, hapa kuna jicho la mtu." Duka moja la dawa mjini waliniuzia dawa ya mapunye bila hata kuniambia nivue mtandio. Mapunye ni fangasi, huwapata zaidi watoto, na mara nyingi huja na magamba. Mimi sikuwa na magamba. Nilikuwa na muwasho, na usiku nikigusa utosi nasikia kama pameungua.

Mume wangu hakujua kwa miezi minane hivi. Najua kuna watakaosema, ndoa gani hiyo? Ndoa ya kawaida tu. Nalala na kilemba, naamka na kilemba, nikitoka nina wigi au rasta, na mwanaume wa watu anajua mke wake anapendeza. Sikuwa na haraka ya kumpa habari ambayo mwenyewe sikuwa na jina lake.

Siku niliyoamua kumwonyesha, maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Niliosha nywele uani kwa ndoo, nikamwita aje animiminie kwa jagi. Nikainama, nikasubiri. Maji yalimiminika, halafu yakakoma. Kimya kirefu. Nilitarajia "imekuwaje" au "tangu lini". Aliuliza neno moja tu: "Inauma?"

Nililia palepale, povu machoni.

Sasa ninyi mnawajua wanaume. Ukimpa tatizo analigeuza mradi. Kesho yake jioni alirudi na habari zote za Istanbul: ndege, hoteli, siku ngapi, wanavyotoa nywele za kisogoni na kuzipandikiza mbele. Jamaa wa kazini kwao ana binamu aliyekwenda. "Bati litasubiri," akasema. Mwanaume yuleyule aliyeninunia siku tatu kwa ajili ya mifuko miwili ya saruji! Niliguswa, sitaki kudanganya. Lakini nikamwambia kabla hatujapanda ndege, tupande kwanza kilima cha Bugando.

Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, iko pale juu tangu 1971, na ukitoka kwetu ni daladala moja mpaka mjini na mwendo wa jasho kidogo. Daktari wa ngozi hakuuliza natumia mafuta gani. Alivalia glovu, akapitisha lenzi yenye taa juu ya utosi, akaniuliza kuhusu muwasho, halafu akaomba kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo. Milimita nne hivi, kwa ganzi. Sindano ya ganzi inauma kuliko kukatwa kwenyewe, niwaambie mapema.

Majibu yalikuja na jina refu la kitaalamu ambalo madaktari wenyewe wamelikata, wanaliita CCCA. Alinieleza hivi. Kila unywele umekaa kwenye kishimo chake, kama mche. Ugonjwa huu huleta uvimbe wa ndani kuzunguka vile vishimo, huanzia utosini na kutanuka kama duara. Uvimbe ukiisha huacha kovu. Kishimo kikishafukiwa na kovu, hapaoti tena, upake nyonyo, upake asali, upake dhahabu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba "nywele kukatika" ni maneno mawili yanayobeba magonjwa mengi yasiyofanana. Zile zinazopukutika miezi mitatu hivi baada ya kujifungua hurudi zenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka. Zile zinazotoka kwa viraka vya mviringo, ngozi laini kama yai, ni mwili kujishambulia wenyewe. Huo ndio ugonjwa aliousema Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani, alipovua wigi mbele ya kamera mwaka 2020, na kwa wenye hali kali Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib mwaka 2022. Zile za kwenye kingo za paji la uso ni za kuvutwa na misuko. Mwaka 2007 Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake kule Cape Town walitangaza kwamba katika watu wazima waliowapima, karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa na tatizo hilo la kuvutwa. Ukilegeza misuko mapema zinarudi. Ukichelewa sana, hata hapo panaweka kovu.

Kwa hiyo msomaji, ukinunua chupa kabla ya kujua wewe ni yupi kati ya hao, unacheza bahati nasibu.

Nikauliza swali ambalo nadhani kila mwanamke huliuliza: "Nimejifanyia nini?" Daktari akatabasamu, akanipa historia. Mwaka 1968 huko Marekani ugonjwa unaofanana na huu ulipewa jina la kitana cha moto, kwa kuwa wanawake weusi waliougua walikuwa wakinyoosha nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto. Baadaye wakaonekana wagonjwa ambao kitana hicho hawajawahi kukigusa. Lawama zikahamia kwenye dawa za kulainisha, kisha kwenye kushonea. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Durban, walichapisha habari nyingine: takriban robo ya wanawake wenye CCCA waliowachunguza walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuutengeneza unywele wenyewe. Moto, dawa na mvuto vinaweza kuchochea, lakini kuna waliozaliwa na mbegu yake. "Mama yako ana nywele?" akaniuliza.

Unajua sikuwa na jibu? Mama yangu ni mtu wa kilemba. Jikoni kilemba, kanisani kilemba, kwenye picha ya harusi yangu kilemba. Nilimpigia nikiwa bado ngazini pale hospitali. "Mama, chini ya kilemba kuna nini?" Akacheka kwanza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kama kwako, nadhani. Shangazi yako ameniambia. Bibi yako naye alikuwa hivyohivyo, tukasema ni mizigo ya kichwani." Mama hajawahi kuweka dawa ya nywele maishani mwake. Vizazi vitatu, kila mmoja na kitambaa chake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Istanbul ilikufa siku hiyohiyo. Unywele unaohamishwa unahitaji ngozi yenye uhai na damu ya kutosha. Kwenye kovu hushika kwa shida. Na kama uvimbe bado uko kazini, utawala hata hao wageni. Huwa inashauriwa ugonjwa utulie mwaka mzima au zaidi ndipo hata mazungumzo ya kupandikiza yaanze. Mume wangu alikunja karatasi yake ya mahesabu, akaitia mfukoni. Nilimwona amepumua.

Tiba zilizobaki hazina uzuri wa tangazo la gazetini. Sindano za steroidi utosini kila baada ya wiki kadhaa, na dawa ya kupaka ya aina hiyohiyo, ili kuzima uvimbe. Vidonge vya doxycycline kwa miezi kadhaa, hapa si kwa ajili ya bakteria bali kwa sababu navyo hupoza uvimbe. Minoxidil ya kupaka kuamsha vishimo vilivyo hai. Hii ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakaota nywele wasizoziomba, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinishwa kupakwa kichwani na wanaume. Inasaidia kadiri unavyoendelea kuitumia. Ukiacha, faida yake inaondoka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofufua palipokwisha kuwa kovu. Unalipia kulinda zilizobaki, basi.

Halafu akaweka kalamu chini, akatutazama wote wawili. "Mna mpango wa mtoto?"

Jamani. Tulikuwa tumekubaliana ni mwaka huu. Mama mkwe alishaanza kuuliza kwa mafumbo, na mafumbo ya mama mkwe wangu hayahitaji mkalimani. Kumbe doxycycline haimfai mjamzito, inaweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto. Minoxidil nayo hushauriwa isitumike wakati wa mimba wala wa kunyonyesha. Finasteride, ambayo wanaume wenye kipara hupewa, mwanamke anayetarajia kushika mimba hata vidonge vyake vilivyovunjika hashauriwi kuvishika. Hata sindano, akasema, ukiwa mjamzito tungeanza kwanza kuzijadili upya.

Tulirudi Buswelu bila kuongea. Usiku tukapiga hesabu. Tukianza na mtoto, ni miezi tisa, halafu kunyonyesha hata mwaka na nusu, na muda wote huo duara linatanuka, na likishatanuka halirudi. Tukianza na nywele, mtoto anasubiri miezi sita. Mume wangu alisema mtoto, mimi nikasema nywele. Akasema nywele si ugonjwa wa kuua. Nikamwambia hilo ni kweli, lakini kichwa ni changu na ninakivaa kila siku mbele za watu, na mwanamke wa miaka 33 ana miezi sita ya kumpa mtu. Hatukununiana, ila tulilala kila mtu na ukuta wake. Asubuhi alikuwa mezani na kalenda, anahesabu kwa kidole. "Ukianza wiki hii, tunamaliza kabla ya mvua za Machi," akasema. Sijui kwa nini aliweka mvua kwenye hesabu. Nadhani alikuwa anawaza paa.

Nimezipunguza zote, fupi kabisa, kusuka nimeacha. Jirani aliponiona akaweka mkono kifuani: "Pole jamani, nani tena?" Kwetu mwanamke akinyoa ghafla watu hutafuta msiba. Nikamwambia hajafa mtu, akaonekana hajaridhika. Kazini navaa wigi ya kofia isiyobana, nyumbani naivua. Mama naye amekwenda kliniki. Kwake pamekwisha kuwa kovu, hawakumpa dawa ya kuotesha, amerudi na kilemba chake akiwa na jina la ugonjwa. Anasema amefarijika. Mimi nilidhani angekasirika.

Nimechomwa sindano tatu mpaka sasa. Muwasho umekwisha, usiku siungui tena. Kila mwisho wa mwezi mume wangu huniketisha dirishani, anaweka sarafu ya shilingi mia mbili pembeni ya upara ili kulinganisha, anapiga picha. Mwezi wa kwanza na wa tatu ukiziweka pamoja, duara halijasogea. Halijapungua pia, nisiwapake asali. Pembezoni kuna vinyweleo viwili vitatu ambavyo yeye anaapa ni vipya na mimi nasema ni kivuli.

Bati tumenunua, za migongo mipana. Juzi mama mkwe alipiga simu, mume wangu akapokea yeye. Nilimsikia kutoka chumbani akimwambia kwamba tunapaua kwanza.