Unyevu Haumo

Kamera yangu ilizimika juu ya Daraja la Magufuli, pale zamani tulipovuka kwa pantoni, nikipiga picha za wakulima wanaovusha mpunga kutoka upande wa Ulanga kuja Ifakara. Ilikuwa na miezi 7. Dhamana yake miezi 12. Nikaituma Dar kwa basi, karatasi ndani. Wiki 3 kimya. Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja akasema kwa upole kabisa: “Kaka, imeingia unyevu. Unyevu haumo kwenye dhamana.”

Jamani! Bonde la Kilombero masika, hata chumvi inalowa ndani ya kopo. Kumbe niliuziwa dhamana ya mahali nisipoishi.

Ikarudi vilevile. Nikampelekea mzee mmoja, fundi redio sokoni. “Nikiifungua, mwanangu, karatasi yako imekufa. Unajua?” Nikasema fungua tu, mzee wangu. Akasugua kutu kwa mswaki na spiriti, akaiacha karibu na balbu siku 2. Shilingi 15,000.

Inapiga. Ila habari yangu ilishatoka na picha ya simu, magunia hata hayaonekani, na flashi haijawaka mpaka leo. Harusi za usiku nazikataa.