Mtoto akizimia uwanjani, msiishie kumpa maji

Pete Maravich alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani kwa miaka 10. Januari 5, 1988, akiwa na miaka 40, alianguka akicheza na wenzake, akafariki. Uchunguzi wa mwili ulionyesha alizaliwa bila mshipa wa kushoto unaolisha moyo damu.

Wengine wanao, ila umechipuka pasipo pake na kupenya kati ya mishipa mikubwa miwili. Huo ndio wa kuogopwa zaidi. ECG, mtoto akiwa ametulia, inaweza kutoka safi kabisa. CT scan yenye dawa ya kuonyesha mishipa ndiyo hufichua njia yake.

Akizimia katikati ya mbio, wazazi husema njaa, au jua. Huenda. Lakini asirudi uwanjani kabla daktari wa moyo hajamwona.